Mama mkwe, dawa ya mchango na bakteria wa Wahadzabe, wazoefu nisaidieni

MgeniNewala
Habarini wazazi wenzangu. Nipo Newala, mwanangu wa kwanza ana miezi miwili na wiki moja. Mama mkwe kaja toka kijijini kunisaidia na kwa kweli namshukuru, anaogesha, anapika, usiku ananipokea mtoto nipate japo lepe la usingizi, ila kaja na kichupa chake cha mizizi ya mchango (yale maumivu ya tumbo ya vichanga) na kila jioni lazima aulize "leo umempa?" Mi kliniki wameniambia maziwa tu mpaka miezi sita, hata maji hapana. Sasa juzi shemeji kaleta habari eti wanasayansi walienda kwa Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, wakakuta watoto wao wana bakteria tumboni ambao watoto wa Marekani hawana, kisa wanaishi kiasili. Mama mkwe kusikia hivyo tu akadakia, si unaona, na sisi ndo tulivyomlea huyo mumeo! Nimekosa la kusema. Kuna ukweli hapo? Na kama ni uasili, si hata mchango ni wa asili?

Darubini_Mtwara
Shemeji yako hajadanganya ila kaishia njiani. Huo utafiti upo, ulitoka 2022 kwenye jarida la Science. Walichunguza vinyesi vya watoto wachanga wa Kihadzabe wakalinganisha na vya watoto wa sehemu nyingine duniani. Kwa Wahadzabe, na kwa jamii nyingine ambazo hazijaingia sana maisha ya viwandani, anayetawala ni bakteria anaitwa Bifidobacterium infantis, wakati kwa watoto wa nchi za viwanda anayeonekana zaidi ni ndugu yake, breve. Na zaidi ya asilimia 20 ya aina walizokuta kwa Wahadzabe zilikuwa hazijawahi kuandikwa popote.

Sasa hapa ndo patamu. Huyo infantis anakula nini? Maziwa ya mama kuna sukari fulani nyingi tu, ukitoa laktosi (sukari ya kawaida ya maziwa) na mafuta zenyewe ndo zinafuata, na mtoto mwenyewe HAWEZI kuzisaga. Yani mwili wako unapika chakula ambacho mwanao hali, wanakula wageni wake. Infantis anazimaliza, anatoa asidi, tumbo linakuwa na uchachu na vijidudu vibaya vinakosa pa kukaa. Mizizi haimo kwenye hiyo hesabu dada. Watoto wa Kihadzabe wananyonya muda mrefu, wanabebwa kutwa, na utafiti ulionyesha wana bakteria wanaofanana na wa mama zao, dalili kwamba wanawapata kwao.

MzeeWaMikorosho
Sisi tumekunywa hiyo mizizi Tandahimba na tupo mpaka leo tunapuliza salfa shambani. Wataalamu wa siku hizi mmezidi.

MamaWatatu_Masasi
Mzee wangu shikamoo. Mliopo ndo tunawaona, waliokufa hawaji kuchangia humu.

Mdogo wangu, usigombane na mama mkwe, utapoteza msaada bure. Mi wangu nilimchukua kliniki tukaenda wote. Mtoto akaning'inizwa kwenye ule mzani, nesi akamwonyesha bibi kwenye kadi jinsi mstari ulivyopanda, akamwambia bibi huyu mtoto kanyonya maziwa matupu na kapanda hivi. Alirudi anawatangazia majirani kama vile kanyonyesha yeye! Halafu mpe kazi, kumcheulisha na kumbeba mgongoni ni vyake, hapo hata hiyo mizizi anaisahau. Pia maji yetu huku milimani mnayajua, ya kununua kwa ndoo, yamekaa kwenye pipa wiki nzima, unayatia mizizi unampa kichanga?

MgeniNewala
Asanteni jamani. Kitu kingine, mi nilijifungua kwa opareshen. Ina maana mwanangu keshakosa hao bakteria?

Darubini_Mtwara
Hajakosa. Wa opareshen wanaanza tofauti kweli, hasa kundi linaloitwa Bacteroides linakuwa pungufu, ila tofauti inapungua kadri mwaka wa kwanza unavyoenda na kunyonyesha kunasaidia. Mpaka miaka kama mitatu tumbo lake linakaribia kufanana na la mtu mzima.

Na mwambieni shemeji asiwafanye Wahadzabe malaika, huko watafiti walikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano hafikishi mwaka. Bakteria wazuri hawazuii malaria. Usije ukaacha chanjo wala kuchemsha maji kisa uasili. Uasili wa kwenu utafika zamu yake baada ya miezi sita: uji wa mtama, mbaazi zilizopondwa, akikua zaidi ming'oko, vile viazi vya porini. Burkina Faso walichunguza watoto wa kijijini wanaokula mtama na mboga, wakalinganisha na wa Florence kule Italia, ikatoka 2010, wa Burkina walijaa bakteria wanaosaga nyuzinyuzi ambao wa Florence hawakuwa nao kabisa.

MzeeWaMikorosho
Ming'oko hapo umenena.

MgeniNewala
Kliniki ni Alhamisi, nitaenda na mama mkwe. Kichupa nimekipandisha juu ya kabati nyuma ya sufuria kubwa, mama kakiona na kanyamaza ila anaguna guna tu. Na mabibo, yale matunda ya mkorosho, mi mwenyewe naruhusiwa? Maana yameshaanza kuanguka hapa uani.

MamaWatatu_Masasi
Kula mama, osha tu kwanza.