Pipa lipo barabarani, mfumo unasema halipo! Haya magari mapya ya taka yameletwa kwa ajili ya nani?

Wakuu, mnivumilie. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira.

Leo ni wiki ya tatu taka zangu hazijazolewa. Gari linapita, tena linapita kwa madaha: jipya, jeupe, limechorwa jani la kijani ubavuni na maneno ya kujisifia gesi asilia. Linanyoosha mkono wake wa mashine, linabeba pipa la jirani wa kushoto, linaruka langu, linabeba la jirani wa kulia, linakwenda zake. Mimi nabaki na pipa la lita 240 ambalo mfuniko umeanza kuinuka wenyewe, funza wanapanda ukingoni, na majimaji meusi yanachuruzika kuelekea mlangoni.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea dada mwenye sauti nzuri: "Mteja wetu, kwa mujibu wa mfumo, pipa lako halikutolewa nje." Nikamwambia dada yangu, hapa nilipo naliangalia dirishani. Akarudia sentensi ileile. Wiki iliyofuata akapokea mwingine, na sentensi haikubadilika hata nukta.

Basi juzi nikaamka alfajiri, nikasimama mlangoni kulisubiri hilo gari.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Kila pipa lina chipu imebandikwa chini ya ukingo. Mkono ukilinyanyua, gari linaisoma chipu na mfumo unaandika limezolewa. Lisiponyanyuliwa, chipu haisomwi, na isiposomwa mfumo unaandika halikutolewa. Basi! Hakuna sehemu ya kuandika "lilikuwepo ila mkono haukulifikia". Kosa la mashine linageuka uzembe wangu, na kwenye ripoti zao mtaa mzima unaonekana umehudumiwa, kasoro wakaidi wachache wasiotoa mapipa. Nani atakwenda kuwatetea wakaidi?

Na kwa nini haukulifikia? Mbele ya nyumba yangu pana nguzo. Mikono hii inataka nafasi, karibu mita moja pembeni ya pipa, na juu pasiwe na tawi wala waya. Pipa liangalie barabara, mfuniko uwe umefungwa kabisa, gari la mtu lisiegeshwe mbele yake. Mimi nafasi hiyo sina. Nikisogeza kushoto nagonga nguzo, nikisogeza kulia naziba njia ya jirani. Nimeushuhudia mkono ukitoka, makucha yakafunguka, yakafika usawa wa nguzo, yakasita kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, yakajikunja, yakarudi ndani. Dereva akatupia jicho skrini yake, akakanyaga mafuta. Samahani, akakanyaga gesi.

Nikamkimbilia, akasimama. Kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shuka basi unisogezee hilo pipa, ni hatua mbili tu."

"Mama, nikifungua mlango mkono unajizima na mfumo unaandika nimesimama bila sababu. Niko peke yangu humu, na mapipa mbele ni mamia."

Ni kweli, yuko peke yake. Gari la zamani lilikuwa na dereva na vijana watatu wananing'inia nyuma. Leo ni mtu mmoja, kamera kadhaa na kijiti cha kuuongoza mkono, kama anacheza gemu.

Sasa kabla hamjanirukia kwamba napinga maendeleo: sililii kazi ile irudi kama ilivyokuwa. Nimewaona wale vijana wakichomwa na sindano zilizofichwa kwenye mifuko, migongo imepinda kabla ya umri, mvua inanyesha wako kwenye bomba la nyuma. Uzoaji taka ni moja ya kazi zinazoua watu wengi hata kwenye nchi tajiri. Na mkono wa mashine si kitu cha jana. Mji wa Scottsdale, kule Arizona, Marekani, uliuanza mwishoni mwa miaka ya 1960, na dude lao la kwanza wakalibandika jina la Godzilla. Kwa hiyo nusu karne na zaidi ya kujifunza ipo. Kwamba mkono hauwezi kuzunguka nguzo ilijulikana zamani, na waliofanya kazi hii kwa akili walipita kwanza mtaa kwa mtaa, wakapima, na pale pasipofikika wakaacha mtu au gari dogo. Wetu walitugawia mapipa na kipeperushi.

Kipeperushi chenyewe kinasema mteja "atahakikisha" hiki, mteja "atahakikisha" kile. Jirani yangu mzee mmoja anatembea kwa mkongojo. Zamani vijana waliingia mpaka uani, wakambebea, wakamsalimia, wakarudisha. Sasa mzee wa watu aliburute pipa mpaka barabarani, aliweke kwa kipimo, aligeuze uso, kisha alirudishe. Kazi ya vijana watatu haikufutika, tumegawiwa sisi bila malipo, na mzee kapewa fungu lake.

Tuje kwenye hiyo gesi wanayotuchorea majani.

Haki yao niwape: gari halitoi ule moshi mweusi, na kelele zimepungua kiasi kwamba siku nyingine silisikii likija. Na wale waliosema kwenye uzi mwingine kwamba tunatembezewa mabomu mtaani, punguzeni. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu, na mitungi ina vali inayofunguka yenyewe moto ukiikaribia. Ila msinielewe kwamba hatari haipo. Desemba 2024 kule Arlington Heights, Illinois, gari la taka la gesi lilishika moto na kulipuka wazima moto wakiwa palepale. Sasa fikirieni watu wanavyotupa betri za lithiamu kwenye pipa, bamba la kushindilia likaziminya. Enzi zile utingo wa nyuma angeuona moshi mapema, akapiga bodi, gari likasimama. Leo nyuma hakuna mtu. Betri zitengwe, hilo ni letu sisi, lakini watuwekee pa kuzipeleka.

Nilimuuliza yule kijana, na wiki ile ambayo mtaa mzima uliachwa? Akacheka kwa aibu: "Gesi iliniishia, mama."

Iliisha vipi, na alitoka kajaza asubuhi? Hapa ndipo panaponichemsha. Gari la taka linasimama na kuondoka mara mamia kwa siku, na injini hiyohiyo ndiyo inayosukuma mkono na bamba la kushindilia. Linakula nishati vibaya sana. Gesi nayo, hata ukiishindilia mpaka mkandamizo wa mara 200 hadi 250 ya hewa tunayopumua, inabeba takriban robo tu ya nishati iliyomo kwenye dizeli ya ujazo uleule. Kwa hiyo kujaza kunataka utulivu. Magari yanaegeshwa usiku, kila moja na mpira wake, gesi inaingia taratibu kwa saa kadhaa bila kupasha mtungi moto, asubuhi limejaa kweli. Ukijaza harakaharaka gesi inapata joto, geji inapanda, unadhani umejaza. Mtungi ukipoa, mkandamizo unashuka, na ile "full tank" ilikuwa joto tupu. Wao walinunua magari kabla ya kujenga sehemu yao ya kujazia usiku. Madereva wanapanga foleni alfajiri kwenye kituo cha kujaza haraka pamoja na kila mtu, wanatoka na mitungi ya kudanganya, saa saba mchana gari linarudi limebeba nusu. Halafu mfumo unaandika nini kwa mtaa ulioachwa? Mmeshajua.

Na hilo jani la kijani. Kwa nishati ileile, gesi ikiungua inatoa hewa ya ukaa pungufu ya dizeli kwa karibu robo, lakini injini ya plagi, ambayo ndiyo inayochoma hiyo gesi, haina ufanisi wa injini ya dizeli, kwa hiyo sehemu ya faida inaliwa hapo. Ikivuja kabla ya kuungua ndiyo balaa, maana kwa kipindi cha miaka 20 methani inapasha dunia joto mara 80 na zaidi kuliko hewa ya ukaa. Kinachonichekesha ni kwamba taka zenyewe zikizikwa dampo zinatoa gesi, na karibu nusu ya gesi hiyo ni methani. Ipo teknolojia ya kuivuna, kuisafisha na kuitia kwenye magari yaleyale. Wangefanya hivyo ningewapigia makofi hata na funza wangu mlangoni. Wao wananunua gesi ya bomba, ya dampo wanaiachia ipae.

Ninachotaka si kikubwa. Mfumo uongezewe kitufe kimoja, "pipa lipo, halifikiki", dereva akibonyeza picha ya kamera ihifadhiwe, na kila njia iwe na msaidizi mmoja wa kushuka pale mkono unaposhindwa. Kamera wanazo tayari. Mwenye kujua nani anaamua haya mambo, aje PM.

NYONGEZA: Gari limepita sasa hivi. Safari hii nilikwenda kusimama kando ya pipa, nimelishika mpini. Kijana kanipungia mkono, mkono wa gari ukatoka, ukasita, ukarudi. Nimepiga simu. Halikutolewa nje.