Shimo la Golondrinas, Mexico: abanwe nani?

Mleta mada: Wakuu, huko Aquismón, jimbo la San Luis Potosí, kuna shimo ambalo maji ya mvua yamelila ndani ya mawe ya chokaa mpaka likawa kama chupa: mdomo mwembamba, tumbo pana. Toka ukingo wa chini hadi sakafuni ni mita 333 hivi, na ukining'inia kwenye kamba hugusi ukuta. Wa kwanza kurekodiwa wakishuka walikuwa watatu, Desemba 1966. Baadaye wakaja wa parachuti.

Golondrinas ni mbayuwayu kwa Kihispania, ingawa wanaolala humo kwa maelfu ni teleka, ndege wanaofanana nao, pamoja na kasuku wa kijani. Alfajiri hutoka wakizunguka kama kimbunga, jioni hujitupa ndani makundi kwa makundi. Kwa ajili yao kuruka kwa parachuti kumebanwa, na kushuka kwa kamba ni mchana tu, ndege wakiwa malishoni.

Sasa mbona anabanwa anayeshuka wakati ndege hawapo, halafu umati unaojazana ukingoni alfajiri na jioni, saa ileile ya ndege, unakaribishwa? Mimi ningeanza na watazamaji.

Mchangiaji 1: Mkuu, mtazamaji amekaa juu, kimya. Wa kamba anapita kati ya kuta wanakolala. Tena kupanda kurudi juu kunaweza kuchukua zaidi ya saa mbili. Akichelewa, teleka wanarudi wanamkuta hewani. Kwa kasi ile wakigongana wanaumia wote.

Mchangiaji 2: Kimya? Watalii na simu zao?

Mchangiaji 3: Mnawasahau wenyeji. Wateenek wanaishi hapo, na kiingilio na kazi ya kuongoza wageni ni riziki yao. Wa kamba ni wachache, hawalishi kijiji. Ukimgusa mtazamaji umegusa sufuria ya mtu.

Mleta mada: Hapo umenibana. Basi wasifukuzwe, wapunguzwe kwa siku, wasogezwe nyuma ya ukingo, na kiingilio kiongezwe kufidia pengo. Ila kwa parachuti sirudi nyuma. Ikifunguka ndani ya chupa ya mawe ule mlio unavuma ukuta kwa ukuta, na hata mchana makinda hawaendi malishoni.

Mchangiaji 1: Kiingilio kikipanda, mwenyeji wa kipato kidogo anayetaka kuona ndege wa kwao atalipa nini?

Mleta mada: Wenyeji bure. Hilo sikuliandika, kosa langu. Wa parachuti mpo? Jiteteeni.