Miradi ya programu huria: mnasema mnakaribisha michango kwenye nyaraka, mbona mgeni mnamchosha mpaka anakimbia?

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mimi ni fundi wa mifumo, niko Morogoro. Kazi yangu kubwa ni kufunga programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, kwenye shule na vituo vidogo ambavyo havina hela ya leseni. Mwaka jana alikuja kwangu binti mmoja wa chuo kwa mafunzo kwa vitendo. Nikampa mwongozo wa mfumo fulani wa maktaba, nikamwambia aufuate hatua kwa hatua, afunge mwenyewe bila kuniuliza. Dakika 20 hazijaisha akaniita. "Kaka, hapa wamekosea. Hatua ya 4 inanitaka niingie kwenye kanzidata (pale mfumo unapohifadhi taarifa zake) kwa mtumiaji ambaye hatua ya 6 ndiyo inamtengeneza."

Nikasoma. Kweli kabisa. Mfumo huo nimeufunga zaidi ya mara kumi na kosa hilo sikuwahi kuliona, kwa sababu mwongozo nilishaacha kuusoma zamani, vidole vinakwenda vyenyewe. Walioandika mwongozo nao ni vivyo hivyo, hawawezi kuliona. Shimo la njiani analiona anayepita kwa mara ya kwanza, na akishapita mara tatu naye anakuwa amezoea kuliruka. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwenye nyaraka za programu, yaani miongozo kama huo, dawa anayo mgeni, tena anayo kwa siku chache tu.

Nikamwambia basi rekebisha, jina lako litabaki pale. Alifurahi sana. Kilichofuata ndicho kilichonileta hapa.

Ukurasa wenyewe hauna kitufe cha kuhariri. Chini kabisa pameandikwa kwamba michango inakaribishwa, halafu kuna kiungo cha mwongozo mwingine wa namna ya kuchangia, mrefu kuliko ule wa kufunga mfumo. Fungua akaunti GitHub, tovuti ambako miradi mingi huweka programu zake. Nakili hazina nzima ya mradi, yaani mafaili yake yote, kwenye mashine yako. Hazina nzima wakuu, na historia yake ya miaka yote, picha na kila kitu, zaidi ya GB 1, kwa bando alilonunua binti kwa hela yake ya nauli, ili ahamishe mistari miwili! Akishamaliza, mwongozo unamwambia atume badiliko lake kwa kuweka neno la siri. Anaweka, anakataliwa. Anaweka tena, anakataliwa. Alishinda siku nzima akidhani kosa ni lake. Kumbe GitHub iliacha kupokea neno la siri kwa kazi hiyo tangu Agosti 2021, inataka tokeni, yaani ufunguo maalumu unaoutengeneza kwenye akaunti yako, na mwongozo wa kukaribisha wageni hakuna aliyeugusa tangu kabla ya hapo.

Tukapata tokeni, badiliko likaenda. Ndani ya dakika moja roboti, yaani programu zinazokagua michango zenyewe, zikajibu kwa alama nyekundu tatu. Mstari mmoja umezidi herufi 80. Kichwa cha ujumbe wa badiliko hakikuanza na neno wanalolitaka. Na mkataba wa uchangiaji, wa kuuruhusu mradi kisheria utumie ulichoandika, haujasainiwa, na mkataba huo unauliza mwajiri wako ni nani na kama amekuruhusu. Mwanafunzi huyu, mwajiri amtoe wapi? Apeleke karatasi ya Kiingereza cha kisheria kwa mkuu wa chuo kwa ajili ya namba 4 na namba 6?

Baada ya wiki tatu akatokea binadamu. Hakuandika asante, wala hakusema kama kosa lipo au halipo. Sentensi moja tu ya kumtaka afuate mwongozo wa uchangiaji. Binti akarekebisha alichoweza, akauliza swali kuhusu mkataba, hakujibiwa. Siku 60 zikapita, roboti nyingine ikafunga ombi lake kwa sababu "halina shughuli". Aliyekaa kimya ni wao, aliyefungiwa ni yeye.

Aliniambia, "Kaka, labda hii kazi ni ya watu wanaojua zaidi." Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, kwa sababu kwenye jambo hili anayejua zaidi alikuwa yeye.

Najua watunzaji wa miradi wengi wanajitolea na wamechoka. Nakumbuka Hacktoberfest ya 2020, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, fulana za bure zilivyofanya watu wamwage mabadiliko ya hovyo, mtu anaongeza neno moja la sifa kwenye ukurasa wa mbele na kudai mchango, mpaka waandaaji wakabadilisha masharti siku chache tu baada ya mwezi kuanza ili ushiriki tu mradi ulioridhia mwenyewe. Kero ile ilikuwa ya kweli. Lakini mwenye haraka ya fulana anajifunza njia ya kupenya roboti kwa siku moja. Masharti haya yanamwangusha mwenye nia njema ambaye hana muda wala bando.

Na msiniambie haiwezekani. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, unabonyeza "Hariri" na kuandika. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, tangu 2013 wana kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari na somo fupi la kukushika mkono. Mradi wa ramani wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa chuo na wakazi wa kata zinazofurika walichora mitaa na mitaro yao wenyewe. Hakuna aliyemtaka mkazi wa Tandale ajifunze Git, programu ya kutunza na kutuma mabadiliko, ndipo aoneshe maji yanapopita. Waliochora walikuwa wageni wa kazi hiyo, na makosa yao yalirekebishwa na wazoefu baadaye.

GitHub wenyewe walifanya utafiti mwaka 2017: asilimia 93 ya waliojibu walisema wamekutana na tatizo la nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati, na asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra au hawajawahi kuchangia nyaraka. Tunalia njaa na waleta chakula tunawafungia nje.

Wenye miradi mko humu, wengine mko Nairobi na Dar, mna hazina zenu na mmenakili masharti haya ya wakubwa neno kwa neno. Nawaomba, wekeni kitufe cha kuhariri kwenye kila ukurasa. Seva yenu ndiyo iandae ukurasa wa kuona badiliko litakavyotokea, si kompyuta ya mgeni. Kosa la mistari miwili lisidai mkataba. Mtu akileta sahihisho sahihi lenye mstari mrefu, katikeni mstari wenyewe, ni kazi ya sekunde kumi kwenu. Na mtu akiwaandikia barua pepe kwamba hatua ya 4 na ya 6 zimebadilishana nafasi, pokeeni, rekebisheni, andikeni jina lake. Roboti ya kufunga maombi ya wageni izimeni leo hii.

Kama kuna aliyepitia haya kwenye mradi mwingine aeleze alivyofanya, na kama kuna mtunzaji anayeona nakosea aje tujadiliane, nitamjibu.

Binti alisharudi chuoni. Juzi amenipigia mwalimu wa sekondari moja huko Kilosa, anafunga mfumo uleule peke yake, amehangaika tangu asubuhi, kanzidata inamkataa. Nikamuuliza yuko hatua ya ngapi. Akasema ya 4.