Giaboksi bado inatetemeka: nirudi yadi, niende kwa fundi wangu au kortini?

Min-Amani: Wadau wa Kisumu, naombeni ushauri. Gari niliyonunua yadi ilianza kutetemeka nikiondoka kwa taa. Wakaichukua, wakanirudishia wakidai iko sawa, nikalipa 45,000. Shida ni ileile. Sasa eti mimi ndiye siijui gari. Nirudi kwa meneja, niipeleke kwa fundi wangu Kondele, ama niende Mahakama ya Madai Madogo?

MzeeMilimani: Gari gani? Ya mwaka gani? Na kama iko kwa waranti, ulilipia nini?

Min-Amani: Nissan Note, 2016. Waranti walisema miezi mitatu.

MzeeMilimani: "Walisema" kwa mdomo ama iko kwenye mkataba wa mauzo?

FundiNaks: Note ni CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda na puli. Waulize waliweka oili gani. Nissan za umri huo zinataka NS-3. Fundi akimwaga ATF, ile oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ule mkanda wa chuma unateleza kwenye puli. Itisha jobu kadi, ile karatasi ya gereji inayoonyesha kazi iliyofanywa. Risiti pekee haitoshi.

Wuon Pendo: Peleka Kondele leo, wachana na hao watu.

MamaShabab: Wuon Pendo, usimpoteze mwenzio! Mimi yangu ilikuwa inachemsha kila nikipanda Mau Summit. Yadi ya hapa Nakuru wakasema wamebadilisha hedi gasketi. Ikachemsha tena, nikakasirika, nikaita fundi wangu afungue hedi. Gasketi ilikuwa ya zamani, imeungua, hata hawakuigusa. Nikawapelekea nikidhani nimewashika. Wakaniuliza, "Nani amefungua injini?" Kutoka hapo wakakataa kila kitu: eti gasketi ni ya fundi wangu, eti bolti zimekazwa vibaya. Ningeipeleka kwanza AA, kile chama cha wenye magari, ikaguliwe, nipewe ripoti, ndipo mtu ashike spana.

Wakili_wa_mtaani: Mama amesema kweli. Ripoti kwanza, kisha barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Wakinyamaza, hiyo Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai hadi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Wuon Pendo: Siku 60 za kwenye karatasi. Ukishinda, nani atawalipisha? Utaanza kumlipa dalali wa korti akakamate mali yao.

Wakili_wa_mtaani: Yadi ina magari nje, si mtu wa kuhama usiku.

Kibos Rd: Hizi CVT ni balaa. Ungenunua Fielder.

FundiNaks: Fielder za sasa pia ni CVT.

Kibos Rd: Probox basi.

FundiNaks: Ya kabla ya 2014, sawa. Hiyo ina gia nne za kawaida. Baada ya hapo, CVT pia.

Min-Amani: Nimeangalia risiti, imeandikwa tu "kazi ya gia". Jobu kadi wanasema iko kwa meneja na yuko Nairobi.

MzeeMilimani: Na ule mkataba?

Kibos Rd: Kuna Probox ya 2012 inauzwa Ahero, mwenye anataka kuona inbox.