Akaunti ya benki kwa mtu mwenye ulemavu wa akili: tumsaidieje bila kumwamulia?

Swali: Ni mtu mzima, anataka akaunti yake. Ndugu waanzie wapi?

Jibu 1: Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, inamtambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Mwenye akaunti ndiye amchague msaidizi wake. Mwonyesheni chaguo 2 kwa picha au noti halisi, swali moja moja, kisha nyamazeni hata sekunde 10.

Jibu 2: "Ndiyo" ya haraka isiwadanganye, wengi huitikia ili kumridhisha mkubwa. Geuzeni mpangilio wa chaguo, ulizeni tena kesho. Jibu likibadilika, rahisisheni maelezo.

Jibu 3: Namba ya siri ibaki kwake, tafadhali! Msaidizi anaeleza tu, hasaini.