Kwenye bustani kubwa za burudani mtu mzima anafanya nini bila kupanga foleni?

MwendaPole:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Mi na mume wangu tunaenda Florida, siku tatu za Disney World, watoto hatuendi nao. Tatizo langu ni foleni. Goti la kushoto lilifanyiwa oparesheni, kutembea natembea vizuri hata masaa mawili ila nikisimama sehemu moja dakika ishirini tu linaanza kuuma na siku yote inaharibika. Kuna bustani moja tulienda zamani, sitaitaja, tulisimama saa nzima na nusu juani kwa ajili ya rola kosta, yale magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi, ya dakika mbili, tumebakiza kama watu kumi mbele yetu wakatangaza imeharibika, wote turudi. Nililia kwakweli, sio kwasababu ya ile rola kosta, nililia siku yetu. Sitaki yajirudie. Afu sitaki pia kuambiwa nikae kwenye benchi nishike mabegi ya watu, nataka vitu vya kuona na kufanya mwenyewe. Vipo? Nawasilisha.

Kitangatanga:
Vipo vingi dada na kwa goti la kutembea ila si la kusimama we umepatia kabisa. Siku ya kwanza nendeni Epcot, ni moja ya bustani za hapohapo Disney World. Kule nyuma kuna sehemu inaitwa World Showcase, nchi 11 zimejengwa kuzunguka ziwa, mzunguko mzima ni kama kilometa mbili, unatembea kwa mwendo wako unaingia unatoka hakuna anayekuuliza. Mi nilikaa Morocco peke yake karibu saa nzima. Mfalme Hassan II alituma mafundi wake kutoka Morocco kabisa waje kupachika vile vigae, sasa usipite tu, sogea mpaka pua inakaribia ukuta uone kila kipande kimekatwa kivyake na kimekaa na mwenzake hakuna nafasi hata ya kucha kupita, afu rudi nyuma hatua tano uangalie nyota zinavyojitokeza. Wanaokimbilia foleni huko mbele wanapita hapo hata hawageuzi shingo, inaniuma sana.

Mkifika banda la Marekani ulizeni saa ngapi wale waimbaji wanaimba, wanaitwa Voices of Liberty, wanaimba bila ala hata moja chini ya kuba na sauti inazunguka mpaka unaisikia mgongoni. Watu wanakaa chini sakafuni, kwa goti lako fikeni mapema kidogo mjipatie pa kuegemea.

Zuhura_wa_Mjini:
Naongezea Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya hapohapo Disney World, tena kwa sisi tunaoongea Kiswahili ile ni lazima. Kuna kijiji kinaitwa Harambe, wamekijenga kama mji wa pwani ya Afrika Mashariki na Lamu ni mojawapo ya sehemu walizochukulia mfano, mabango yameandikwa Kiswahili. Mi nilizunguka kusoma kuta na matangazo tu, mzungu mmoja akaniomba nimsomee bango, wakaja wengine wawili, tukatembea hivohivo mtaa mzima nawatafsiria. Hakuna foleni iliyonipa furaha kama ile.

Kutokea hapo kuna njia ya kutembea kwa miguu, Gorilla Falls, zamani ilikua inaitwa Pangani, sijui kwanini walibadilisha jina zuri vile. Viboko unawaona kwa kioo wakiwa chini ya maji, mnyama mzito vile anapita kwenye mchanga wa chini kwa ncha za vidole kama anacheza ngoma. Sokwe wakubwa nendeni asubuhi, ndo wanatembeatembea. Upande wa Asia kuna njia nyingine ya chui milia na popo wakubwa.

Na ule mti mkubwa wa katikati, Tree of Life, msiupige picha kwa mbali mkaondoka. Una urefu wa mita 44 na wanyama zaidi ya 300 wamechongwa kwenye shina na mizizi, kuna vijia vinauzunguka. Mtafuteni David Greybeard, yule sokwemtu wa Gombe ambaye mtafiti Jane Goodall alimchunguza kuanzia 1960, amechongwa pale chini. Mume wangu ndo alimuona kwanza, akaniita kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Dereva_Mstaafu:
Haya yote mazuri ila jamani mtu kalipa tiketi, asipande hata kimoja? Mi siafiki. Ajue tu namna foleni zinavyokua. Rola kosta inapakia treni moja inaondoka, watu wanasubiri, inapakia nyingine, ndo maana watu wanarundikana. Ila kuna vyombo ambavyo havisimami, vimefungwa kama mnyororo vinazunguka muda wote na watu wanapanda vikiwa vinatembea, kwahiyo hata ukikuta watu mstari unakua unasogea. Haunted Mansion, ile nyumba ya mizimu ya Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney World, iko hivo. PeopleMover ya hapohapo ni vigari vya juu ya reli, navyo unapanda vikitembea, kama dakika kumi hivi unapita juu kwa juu umekaa, upepo unakupiga, unapita mpaka ndani ya Space Mountain, rola kosta ya gizani, unawasikia waliokaa foleni wanavyopiga kelele gizani. Tahadhari dada, hiyo PeopleMover unapanda kwa mkanda unaotembea na jukwaa linalozunguka, tanguliza mguu mzima na mume awe upande wa goti.

Carousel of Progress nayo ni onyesho, umekaa kwenye kiti kama dakika 20, ukumbi wenyewe ndo unazunguka jukwaa. Ilianzia maonyesho ya New York 1964, ni ya kizamani na mi ndo naipendea hapo.

Kama mnataka rola kosta kweli, fikeni geti likifunguliwa, saa ile ya kwanza ndo dhahabu. La sivyo pandeni wakati wa gwaride au fataki, watu wengi wanakua wamesimama barabarani. Na ulizia mstari wa wanaopanda peke yao, Expedition Everest, rola kosta ya Animal Kingdom, nilikuta upo, wanakuchomeka kwenye kiti kilichobaki. Mtatengana dakika chache tu na mume.

MwendaPole:
Yani mmenipa moyo jamani. Dereva nimekuelewa, Haunted Mansion ntapanda. Ila Magic Kingdom ukiacha hivo vyombo, kuna nini cha kutembea na kuangalia? Wengi wananiambia hiyo ni ya watoto.

Kitangatanga:
Sio ya watoto. Pita katikati ya jumba la Cinderella, ile njia ya chini. Ukutani kuna picha tano kubwa za vipande vidogo vya kioo zinasimulia hadithi yote. Watu wanapita mbio kwenda upande wa pili, nyie simameni pembeni, hapo hakuna anayewasukuma. Waangalieni wale dada wawili wa kambo, kiatu kikimkaa Cinderella mmoja uso umekua mwekundu kwa hasira na mwenzake wa kijani kwa wivu. Mi nimeenda mara mbili, mara ya kwanza sikuona kitu.

Afu Main Street inueni macho, majina kwenye madirisha ya juu ni ya watu waliojenga na kuendesha ile sehemu, na ghorofa za juu wamezijenga ndogo kuliko ya chini ili jicho lione majengo ni marefu. Ukishajua hilo unaanza kuona ujanja kila kona.

Pwani_Tulivu:
Mkipata safari ya nchi nyingine siku moja, bustani ya Efteling ya Uholanzi ina msitu wa hadithi tangu 1952, ni kutembea tu kwenye miti, na kuna mapipa ya taka yana mdomo yanakuomba karatasi. Nimeona wazee wazima wanaokota karatasi za wenzao ili wayalishe. Tokyo DisneySea, bustani ya Disney ya Japani, ndani kuna ngome unaingia bila malipo mengine wala foleni, chumba kimoja kina sayari unazizungusha mwenyewe kwa mkono. Bustani ya Tivoli ya Copenhagen, Denmark, mi niliingia jioni bila kupanda chochote, taa na muziki vilitosha.

MwendaPole:
Basi tumeshapanga. Epcot siku ya kwanza, Morocco tunaipa saa nzima. Animal Kingdom ya pili tufike asubuhi kwa ajili ya sokwe, Everest mume atapanda yeye mi nikimtafuta David Greybeard. Ya tatu Magic Kingdom. Zuhura, Harambe ntasoma mabango yote kwa sauti, atakayetaka kusikiliza asikilize. Nikirudi naleta picha humu.