Mrejesho: mkate wa hamira na Mathayo 13:33

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza kwa nini mkate wangu hauumuki, na kama kuna Neno la kuwafundisha watoto jikoni. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Dada aliyesema niamshe hamira kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, nisubiri povu kabla ya kutia unga, alipatia. Na kwa baridi hii ya Nairobi ya Julai, sufuria naifunika na kuiweka karibu na jiko hadi donge liwe maradufu. Mkate mweupe sasa ni laini kabisa. Wa atta, yaani unga wa ngano isiyokobolewa, bado unatoka mzito, hata nikiongeza maji mlivyoshauri.

Mzee aliyenielekeza kwenye mfano wa mwanamke aliyesitiri chachu katika pishi tatu za unga, ubarikiwe mno. Nilikuwa nimechoka kumwombea kaka yangu kwa kuwa sioni badiliko. Chachu hufanya kazi ikiwa imefichwa! Hajarudi kanisani, lakini nimeanza tena kumwombea, na kwa furaha. Watoto wakubwa walielewa. Wadogo walitaka kula tu.

Mwenye ujuzi wa mkate wa atta, tafadhali aniandikie.